Nguvu Farasi 450, Mgongo wa Kilo 479

Chukua pikapu mbili za Ford za mwaka 2019, zote F-150, zote na injini ya lita 3.5 yenye turbo mbili. Moja ni ya kawaida, ina nguvu farasi 375. Nyingine ni Raptor, ile iliyoinuka, yenye tairi za jangwani na jina la kampuni limeandikwa kwa herufi kubwa usoni, nguvu farasi 450. Uliza watu ipi inavuta tela zito zaidi na karibu wote watanyoosha kidole kwa Raptor. Kumbe ya kawaida, ikiagizwa na vifaa vyake vyote vya kuvutia, imeidhinishwa hadi paundi 13,200, yaani karibu tani sita. Raptor ya milango minne inaishia paundi 8,000, kama kilo 3,630. Raptor fupi ya kibanda kidogo ni paundi 6,000 tu, basi.

Shemeji yangu hakuyajua hayo aliponunua ya kwake, na sidhani aliyemuuzia alikuwa na haraka ya kumwambia. Anaishi Fort Worth, Texas, mimi naishi mwendo wa nusu saa kutoka kwake. Alitaka kununua tela la kambi, yale yenye vitanda, jiko, choo na bafu ndani, aikokote familia hadi milima ya Colorado wakati shule zimefungwa. Alikuwa ameshalichagua: futi 29, uzito mtupu paundi 6,400. "Shem, gari inavuta elfu nane, tela ni elfu sita na mia nne. Hesabu imekubali," akaniambia kwenye simu. Hesabu hiyo haikuwa imeanza hata.

Mimi ni dereva wa lori. Nilianza utingo barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, na sasa naendesha magurudumu kumi na nane huku Marekani. Mtu aliyewahi kukaa kwenye foleni ya mizani ya Vigwaza au Mikese, akisubiri kuambiwa ekseli ipi imezidi, hawezi kuuangalia uzito kama namba ya kwenye tangazo. Huku nako sheria ya shirikisho inanipa paundi 80,000 jumla, na ekseli pacha zisizidi 34,000. Nikizidi napigwa faini. Mwenye pikapu na tela la kambi kwa kawaida hapitishwi mizani popote. Anaingia barabara kuu na mzigo wake, na hakuna wa kumuuliza.

Kwa hiyo nilimwambia ashuke, afungue mlango wa dereva, anisomee kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango. Kila gari jipya la ukubwa huu linalouzwa Marekani lina kibandiko hicho, na kinataja uzito wa juu wa watu pamoja na mizigo ambao gari *hilo hilo*, si ndugu zake wa kwenye picha, linaruhusiwa kubeba. Akasoma: paundi 1,056. Kilo 479.

Hapo ndipo penye mambo. Kuvuta na kubeba ni kazi mbili, lakini tela huzifanya zikutane, kwa sababu tela halifuati tu nyuma. Shingo yake, kile chuma cha mbele kinachoungwa na gari, inakandamiza mkia wa gari, na kwa tela la kambi mkandamizo huo unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake wote. Ukiupunguza chini ya hapo unajiletea balaa nitakalolieleza baadaye. Basi mkandamizo huo unahesabiwa kama mzigo uliopakiwa ndani ya gari. Uko kwenye kapu moja na mke, watoto, mkaa na kreti ya soda.

Na ule uzito wa 6,400 ni mtupu kwelikweli: bila maji, bila chakula, bila nguo, bila sufuria za dada yangu ambaye hasafiri na sufuria moja. Tangi la maji la galoni 50 likijaa ni kilo 189 peke yake. Mitungi miwili ya gesi na betri hukaa wapi? Juu ya shingo, palepale panapokandamiza. Tulipojumlisha kwa uaminifu, tela lilifika paundi 7,200, kilo 3,266. Ukichukua asilimia 13 ya hizo unapata kilo 425.

Sasa rudi kwenye kilo zetu 479. Shemeji ana kilo 95, dada 73, watoto watatu kwa pamoja 109. Zimebaki 202. Nyuma kuna jenereta, sanduku la barafu, kuni, zana, na kifuniko cha bodi ambacho mwenye gari wa kwanza alikifunga: 90. Zimebaki 112. Chuma cha kiungo cha kuungia tela, chenye fito za kugawa uzito, 41. Zimebaki 71. Na hapo kwenye 71 ndipo unataka kuweka 425.

Shemeji alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hesabu za karatasi ni za watu waoga. Nikamwambia sawa, twende mizani.

Vituo vikubwa vya malori huku vina mizani za kulipia, maarufu zaidi zikiwa CAT Scale, kampuni iliyoanza mwaka 1977 huko Walcott, Iowa. Mtu yeyote anaweza kupanda, si malori tu. Sahani ziko tatu: ekseli ya mbele inakaa kwenye yake, ya nyuma kwenye yake, na tela kwenye ya tatu. Unalipa dola chache unapewa karatasi. Tulipanda na Raptor peke yake, familia ndani, mizigo nyuma, tangi la mafuta limejaa, watoto wakicheka kwamba wanapimwa kama ng'ombe wa mnada. Tukatoa uzito ule kwenye ukomo wa gari ulioandikwa mlangoni. Kilo 112 na ushee, kama karatasi ilivyosema, na hapo nyuma hapakuwa na kitu kilichofungwa.

Nisiwaonee waliotengeneza gari. Ile namba ya paundi 8,000 si uongo. Kuna kiwango cha upimaji kinachoitwa SAE J2807, ambacho Toyota ilianza kukifuata mwaka 2011 na kampuni kubwa za Kimarekani zikafuata baadaye. Sehemu ya mtihani wake ni kupandisha mlima wa Davis Dam huko Arizona, hewa ikiwa na joto la nyuzi 38 au zaidi, kiyoyozi kimefunguliwa hadi mwisho, gari lisishuke chini ya mwendo uliowekwa. Ni mtihani mgumu na Raptor haina haya kwenye mlima wa namna hiyo. Ila mtihani unahesabu dereva na abiria mmoja, kila mmoja kilo 68, na mizigo karibu hakuna. Yaani watu wawili wembamba wasio na watoto. Wakija hao wawili na tela la paundi 8,000, sawa. Familia ya Kitanzania ya watu watano ni suala jingine.

Kwa nini gari lenye nguvu zaidi libebe kidogo? Kwa sababu ya kile kile kinacholifanya litamaniwe. Raptor ilibuniwa kukimbia kwenye mchanga na makorongo. Gurudumu lake la nyuma linaweza kupanda na kushuka kama sentimita 35, na ili lifanye hivyo springi lazima ziwe laini na ndefu. Shokapu zake za Fox ni za ajabu, nimezipanda kwenye barabara ya vumbi na sikuamini ni pikapu. Lakini ulaini huo huo ukiuwekea kilo 425 nyuma ya bampa, mkia unakaa chini na pua inanyanyuka. Pua ikinyanyuka tairi za mbele zinapoteza mshiko, usukani unakuwa mwepesi mikononi, breki za mbele zinafanya kazi nusu, na taa zinawapiga wenzako machoni. Tairi zenyewe, inchi 35, zina kuta ndefu zinazonesa. Kwenye mawe ni raha, lakini ukiwa na tela nyuma yako kila kunesa kunapelekwa kwenye shingo. Farasi wa mbio hapewi madebe ya maji.

Watu wa duka la vipuri watakuuzia mifuko ya hewa ya kuweka kwenye springi, na mkia utanyanyuka kweli, na kwa macho gari litaonekana limetulia. Kibandiko cha mlangoni hakibadiliki kwa mfuko wa hewa. Chasisi, ekseli, tairi na breki ni zilezile. Vyuma vya kugawa uzito ni afadhali zaidi, kwa kuwa vinarudisha sehemu ya mkandamizo kwenye ekseli ya mbele na nyingine kwenye ekseli za tela lenyewe. Hata tukivipa sifa zao zote, shemeji angebaki amezidi kwa kilo zaidi ya 250.

Tabia hii haikuanza na Raptor. Mwaka 1991 GMC walitoa Syclone, pikapu ndogo ya turbo yenye nguvu farasi 280 iliyoyaaibisha magari ya michezo ya bei mbaya, na iliruhusiwa kubeba paundi 500, kilo 227. Wanaume watatu wa shibe na imekwisha. Dodge wakaweka injini ya V10 ya Viper kwenye Ram SRT-10, nguvu farasi 500, na mwaka 2004 ikavunja rekodi ya mwendo wa pikapu kwa maili 154 na nusu kwa saa. Toleo la milango minne lililofuata ndilo lililopewa ruhusa ya kuvuta, paundi 7,500. Ram TRX ya 2021 ina nguvu farasi 702 na inavuta 8,100, wakati Ram 1500 ya kawaida, ikipangwa vizuri, inafika 12,750. Na kwa walio nyumbani wanaoitamani Ranger Raptor: kwenye masoko kama Afrika Kusini na Australia Ranger ya kawaida inavuta kilo 3,500, Raptor yake 2,500. Ni mpangilio uleule, kwa hiyo anayetaka kuivutia boti aliangalie hilo kabla ya kulipa.

Niseme sasa lile balaa. Sisi tulio juu kwenye malori tunaliona mapema kuliko mwenyewe. Unaliona kwa mbele tela linaanza kutikisa mkia kidogo, kushoto, kulia, dereva wake hajui bado au anadhani ni upepo. Barabara ya 287 kutoka Fort Worth kupanda Amarillo ni tambarare iliyo wazi, na Amarillo ni miongoni mwa miji yenye upepo mwingi Marekani. Tela la futi 29 lina ubavu kama ukuta wa nyumba. Lori kama langu likilipita, kwanza hewa ya mbele ya lori inalisukuma nje, halafu ubavu wa lori unalivuta ndani. Pikapu imara yenye tela lililopakiwa vizuri inatikisika mara moja na kutulia. Yenye springi laini, mkia chini, pua juu, na tela lililopakiwa vitu vizito nyuma ya ekseli zake, haitulii. Kila mtikisiko unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia, hadi tela linaongoza na gari linafuata.

Likitokea, mguu utataka kukanyaga breki kwa nguvu na mikono itataka kupambana na usukani. Vyote viwili vinaongeza moto. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, halafu kwa kidole bana swichi ya breki za tela peke yake, ile iliyo kwenye dashibodi. Tela likishika breki huku gari halijashika, mnyororo mzima unanyooka. F-150 ina mfumo wa kompyuta unaojaribu kuutuliza mtikisiko wenyewe. Lakini kompyuta inakuja baada ya kosa la upakiaji, haiwezi kukuongezea mkandamizo wa shingo ambao hukuuweka.

Mwendo nao. Tairi za baadhi ya matela haya zimepimwa mwisho maili 65 kwa saa, kilomita 105. Texas barabara inakuruhusu 75, na Raptor kwa 75 haijaamka bado, kwa hiyo unajikuta unakimbiza tairi za tela zaidi ya uwezo wake bila kusikia chochote. California wameamua kwa sheria: anayevuta tela asizidi 55. Watu wanalalamika sana juu ya hiyo 55. Mimi naipenda.

Urefu wa gari una maana pia. Ile Raptor fupi ina mita 3.4 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ya milango minne ina kama mita 3.7, na tofauti hiyo ya sentimita thelathini ni sehemu ya sababu moja inaruhusiwa paundi elfu mbili zaidi. Gari fupi mbele ya tela refu linageuzwa kirahisi.

Basi shemeji afanye nini? Jibu langu la kwanza lilikuwa auze Raptor anunue F-250, pikapu ya Ford ya kazi nzito. Nilimwambia mbele ya dada, na kwa muda ikawa mimi ndiye mgeni asiyekaribishwa chai. Nikaelewa. Mtu aliyefanya kazi za usiku kwenye maghala miaka mingi, hatimaye ana gari lake la ndoto, wewe unakuja na karatasi ya mizani kumwambia alirudishe. Tukaangalia njia nyingine.

Tela likapungua: ukomo wake paundi 5,000, yaani kilo 2,268, na likiwa na vitu vyao linafika kama 2,040. Mkandamizo wa shingo ni kilo 245. Hata hilo, familia nzima ikiwa ndani ya Raptor, halikuingia kwenye kibandiko. Dada ndiye aliyemaliza ubishi. Wana Toyota Sienna, gari la kupelekea watoto shule, nalo lina nafasi kubwa. Akasema yeye ataendesha Sienna na watoto wawili wadogo na sanduku la barafu, na mume wake na mtoto mkubwa waende na Raptor yao na tela lao. Piga hesabu: 479, toa 95 za baba, toa 45 za kijana, toa 41 za chuma, toa 245 za shingo, zinabaki 53. Jenereta ikabaki nyumbani. Magari mawili kwenda kambi moja, mafuta mara mbili, na shemeji alilalamika hadi Amarillo.

Nilipanga likizo yangu niende nao, kwa sababu ya milima. Kabla ya kuondoka tulijaribu breki za tela kwenye uwanja mtupu, mwendo mdogo, unabana swichi na kusikiliza: tela linatakiwa lishike na kulivuta gari nyuma, lakini tairi zisijifunge. Tuliongeza nguvu ya umeme wa breki hizo kidogo kidogo hadi ikakaa. Tukahakikisha na ile waya ya usalama inayofunga breki za tela lenyewe likichomoka.

Kutoka New Mexico kuingia Colorado unapanda Raton Pass, mita 2,388, halafu kwenda kwenye mchanga wa Great Sand Dunes unapita North La Veta, karibu mita 2,870. Kwenye miinuko hiyo Raptor ilinifurahisha, sina budi kusema. Injini isiyo na turbo hupoteza pumzi kadiri hewa inavyokuwa nyepesi; hii ya turbo mbili ilipanda kama haijui tuko juu ya mawingu. Wasiwasi wangu wote ulikuwa kushuka. Nilijifunza kushuka Kitonga, huko Iringa, chini ya dereva aliyekuwa akinipiga kofi la bega nikigusa breki kabla ya gia, na sheria yake ni ileile: shuka kwa gia uliyopandia. Shemeji aliweka gari kwenye hali ya kuvuta, akashusha gia kabla mteremko haujaanza, breki akazigusa kwa muda mfupi na kuziachia zipoe. Nilikuwa kwenye Sienna nyuma yake nikiangalia tela. Lilikaa kwenye mstari wake njia nzima, hata upepo wa pembeni ulipolipiga baada ya Walsenburg.

Mwaka huu wanataka kwenda Yellowstone. Juzi amenitumia picha ya chuma cha kubebea baiskeli, cha kufunga mkiani mwa tela, akiuliza kama baiskeli nne zina shida, maana ni nyepesi. Baiskeli nne na chuma chake ni kilo kama 80, na zikikaa mita kadhaa nyuma ya ekseli zinafanya kazi ya kunyanyua shingo. Kilo 245 zetu zingeshuka hadi eneo lile ambalo tela huanza kutikisa mkia. Nimemwambia azilaze ndani ya tela, sakafuni, juu ya ekseli, na apime tena kabla ya kuondoka. Hajajibu, lakini dada ameniuliza mizani inafunguliwa saa ngapi.